Maji Usiyoyafika: Makisio ya Kale Kuhusu Ncha za Dunia

Nahodha aliyetweka tanga Maskati kuja Unguja kwa pepo za kaskazi aliiona nyota ya jaa ikishuka usiku baada ya usiku. Kule Omani ilisimama nyuzi 23 na ushei juu ya upeo. Alipofika Mogadishu ilikuwa karibu kugusa maji, na alipovuka ikweta ilizama, asiione tena mpaka kusi imrudishe kwao. Manahodha waliipima kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na kwa kimo chake wakajua wamefika wapi.

Kipimo hicho kina jambo kubwa ndani yake. Kama nyota hushuka ukienda kusini, basi hupanda ukienda kaskazini, na lazima pawepo mahali itakapokuwa utosini kabisa. Mahali hapo ndipo Ncha ya Kaskazini. Binadamu alizijua ncha za dunia kwa hesabu zaidi ya miaka elfu mbili kabla hajazikanyaga kwa mguu. Hesabu hiyohiyo ilimwambia kwamba huko jua huchomoza mara moja kwa mwaka na kutua mara moja, mchana wa miezi 6 na usiku wa miezi 6.

Lakini hesabu haikumwambia kilichopo chini ya nyota. Ni bahari au nchi kavu? Kuna watu? Ile miezi 6 ya jua huyeyusha barafu au haifui dafu? Anga lilihesabika, chini hakukuhesabika, na hapo ndipo makisio yalipoanza.

Ni rahisi kuyacheka makisio hayo leo, lakini mengi yalikuwa na hoja nzuri, na walioyatoa walikuwa miongoni mwa wasomi hodari wa nyakati zao. Swali linalonishughulisha ni hili: kisio lenye hoja nzuri hugeukaje imani inayoua watu? Jibu langu ni kwamba kosa halikuwa kukisia. Kosa liliingia pale kisio lilipofungiwa kila mlango ambao ukweli ungepitia kulikanusha, na pale waliokuwa wameona kwa macho walipoambiwa hawakuona.

Ukanda usioweza kukaliwa

Wagiriki waliuita upande wa kaskazini kwa jina la dubu, arktos, kwa ajili ya kundi la nyota linalozunguka kule juu. Upande wa pili ukaitwa mkabala wa dubu, na ndilo jina Antaktika hadi leo. Jina lilitangulia, nchi ikaja baadaye sana.

Katika karne ya 4 KK, Aristotle aliigawa dunia katika mikanda: miwili ya barafu kwenye ncha, mmoja wa moto katikati, na miwili ya hali ya wastani baina yake. Ukanda wa katikati, alisema, haukaliki kwa ukali wa jua. Naandika haya nikiwa mtu wa ukanda huo. Wakati wasomi wa Athene wakithibitisha kwa hoja kwamba hapa hapawezi kuishi mtu, watu walikuwa hapa wakilima, wakivua na kuzaa. Kwa hiyo suala la ncha halituhusu kwa mbali. Ikweta na ncha ziliwekwa katika kapu moja, la sehemu ambazo msomi amezimaliza bila kuzifikia.

Yupo mmoja aliyekwenda kuangalia. Karibu mwaka 325 KK, Pytheas wa Massalia, mji unaoitwa Marseille siku hizi, alisafiri kuipita Uingereza na kuleta habari za Thule, nchi iliyo mwendo wa siku 6 baharini kutoka Uingereza. Karibu na hapo, alisema, bahari imeganda, na pana mahali ambapo ardhi, maji na hewa vimechanganyika kama pafu la bahari, usipoweza kupita kwa mguu wala kwa chombo. Anayejua barafu changa inavyopumua na mawimbi chini ya ukungu ataona kwamba maelezo hayo yanaelekea kuwa ya kweli. Mwanajiografia Strabo, aliyeishi zaidi ya miaka 300 baadaye, alimwita Pytheas mwongo.

Upande wa kusini kisio lilianzia mlangoni petu. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2 BK, aliitaja Rhapta, soko la kale ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Kusini yake aliweka rasi ya Prason, na baada ya Prason akaweka nchi isiyojulikana, inayokunja kuelekea mashariki mpaka kuungana na Asia. Kwa Ptolemy, Bahari ya Hindi ilikuwa ziwa. Ramani aliyoichora al-Idrisi mwaka 1154 bado iliinyoosha Afrika kwenda mashariki. Al-Biruni alikuwa amekwisha kutoa hoja kwamba lazima kuna njia ya maji kusini inayounganisha bahari hii na ile ya magharibi, na Wareno wakaja kuithibitisha: Bartolomeu Dias aliizunguka rasi ya kusini mwa Afrika mwaka 1488, na Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi India.

Nchi isiyojulikana ya kusini ilipaswa kufutwa hapo. Haikufutwa. Ilikatwa kutoka Afrika, ikasukumwa kusini zaidi, mahali ambapo chombo kilikuwa hakijafika. Tabia hii tutakutana nayo tena na tena: kisio likikanushwa hapa, huhamia pale.

Nchi ya Giza

Kabla ya kuendelea na wachora ramani, tuwasikilize wasafiri wawili. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alifika kwa Wabulghari wa mto Volga. Anasimulia kwamba aliketi hemani na mshoni mmoja aliyetoka Baghdad, wakizungumza huku wakingoja adhana ya isha. Adhana ikasikika, wakatoka, na kumbe alfajiri imekwisha kupambazuka. Muadhini akawaeleza kwamba huko wanaswali isha pamoja na magharibi, kwa jinsi usiku ulivyo mfupi. Ndani ya hema moja, elimu ya mchana mrefu wa kaskazini ikawa jambo la mtu na swala yake.

Ibn Battuta, yuleyule aliyetembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za Nchi ya Giza iliyo mbali kaskazini. Wafanyabiashara huenda kwa mwendo wa siku 40 juu ya barafu, kwa magari madogo yanayovutwa na mbwa. Mbwa kiongozi aliyekwisha kuzoea njia ana thamani ya dinari elfu moja, na hulishwa kabla ya watu. Wakifika huacha bidhaa zao na kuondoka. Kesho yake hukuta ngozi za thamani zimewekwa mkabala wa kila bidhaa, na mwenye kuridhika huchukua. Hawajui wanafanya biashara na binadamu au na majini, maana hawaoni mtu. Yeye mwenyewe, anasema wazi, hakwenda: gharama ilikuwa kubwa na faida ndogo.

Nawaheshimu watu hawa kwa jambo moja. Ibn Fadlan anatwambia alichokiona, na Ibn Battuta, katika habari hii, anatwambia alichosikia na wapi aliishia. Mpaka kati ya kuona na kusikia umewekwa bayana, na msomaji anajua ameshika nini mkononi.

Mwamba mweusi wa Mercator

Sasa tazama ramani. Gerardus Mercator, mchora ramani mashuhuri kuliko wote wa karne ya 16, aliweka picha ya Ncha ya Kaskazini kwenye kona ya ramani yake kubwa ya mwaka 1569. Mwaka 1595, baada ya kufa kwake, picha hiyo ilichapishwa kwa ukubwa kamili. Katikati kabisa umesimama mwamba mweusi, mrefu, wenye mzingo wa maili 33. Umezungukwa na bahari, na bahari imezungukwa na visiwa vinne vikubwa kama vipande vya chungwa lililokatwa. Kati ya visiwa hutiririka mito minne ambayo maji yake hukimbilia ndani, huuzunguka mwamba, kisha humezwa na ardhi. Kwenye kisiwa kimoja pameandikwa kwamba wanakaa watu wafupi wa kimo cha futi 4. Kingine kinasifiwa kuwa bora na chenye afya kuliko vyote vya kaskazini.

Haya aliyatoa wapi? Katika barua aliyomwandikia John Dee wa Uingereza mwaka 1577, Mercator anaeleza kwamba aliyasoma kwa Jacobus Cnoyen, na Cnoyen aliyapata katika kitabu kilichoitwa Inventio Fortunata, cha karne ya 14, ambacho kimepotea. Ni habari ya mkono wa tatu. Lakini ilijibu swali la kweli. Mabaharia walikuwa na dira, na sindano ya dira ilielekea kaskazini bila mtu kujua sababu. Mlima wa sumaku ulikuwa jibu zuri.

Mwaka 1600 William Gilbert alionyesha kwamba dunia yenyewe ndiyo sumaku. Na tarehe 1 Juni 1831 James Clark Ross alifika mahali ambapo sindano ya dira ilisimama wima kuelekea ardhini. Ulikuwa ufuko wa chini, tambarare, usio na alama yoyote, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Ncha ya Kaskazini yenyewe. Ikabidi wenzake wakusanye mawe na kujenga rundo ili mahali hapo paonekane.

Mizani ya kusini

Upande wa kusini hoja kuu ilikuwa ya mizani. Kaskazini kuna Asia, Ulaya na nusu ya Afrika. Basi lazima kusini kuwe na nchi ya uzito huo, ama sivyo dunia itaelemea upande mmoja. Abraham Ortelius, katika atlasi yake ya mwaka 1570, aliizungushia ncha ya kusini bara kubwa mno, na akaliandika kuwa bado halijajulikana. Kila baharia aliyeona kipande cha ardhi kusini alidhani ameligusa. Pedro Fernandes de Quirós alilitangaza mwaka 1606 alipofika visiwa vya Vanuatu.

Mtetezi mkubwa wa bara hilo alikuwa Alexander Dalrymple wa Uingereza. Kufikia mwaka 1770 alikuwa akiandika kwamba linakaliwa na zaidi ya watu milioni 50. Ona idadi inavyoleta heshima: bara ambalo hakuna aliyeliona limekwisha kufanyiwa sensa. Na ona haja iliyo nyuma yake, kwani watu milioni 50 ni wanunuzi wa vitambaa na vyuma. Pengo la ramani lilijazwa kwa kile ambacho mchoraji alikihitaji.

James Cook ndiye aliyelifanyia kisio hili haki. Kati ya 1772 na 1775, akiwa na meli za Resolution na Adventure, aliizunguka dunia kwa njia ya kusini, akipita palepale ambapo bara lilipaswa kuwapo. Tarehe 17 Januari 1773 alivuka Duara la Antaktika. Tarehe 30 Januari 1774 alifika nyuzi 71 na dakika 10 kusini, akazuiwa na ukuta wa barafu. Bara la Dalrymple halikuwapo. Lakini Cook hakuruka kutoka kosa hili hadi kosa la upande wa pili. Kwa kutazama wingi wa barafu alikadiria kwamba huenda ipo nchi karibu na ncha yenyewe, nyuma ya barafu, isiyomfaa mtu. Alikuwa sahihi katika sehemu ya kwanza: pwani ya Antaktika ilionwa mwaka 1820, na Fabian von Bellingshausen wa Urusi na Edward Bransfield wa Uingereza, siku chache baina yao.

Bahari isiyoganda

Tunafika kwenye kisio lililodumu muda mrefu: kwamba ukiisha kuupenya ukanda wa barafu kaskazini, utakuta bahari iliyo wazi mpaka kwenye ncha. Waholanzi na Waingereza waliotafuta njia fupi ya kwenda Asia waliliamini kwa karibu miaka 300. Robert Thorne alilipendekeza mwaka 1527. Petrus Plancius wa Amsterdam alilitetea, na Willem Barentsz akalifuata hadi Novaya Zemlya, ambako yeye na wenzake walikaa majira yote ya baridi ya 1596 hadi 1597 ndani ya nyumba waliyoijenga kwa magogo na mbao za meli. Barentsz alifia njiani wakirudi kwa mashua.

Hoja zilikuwa tatu, na kila moja inastahili kupimwa. Ya kwanza ni jua. Mwaka 1693 Edmond Halley alikokotoa kwamba katika siku ndefu ya Juni, Ncha ya Kaskazini hupokea jua jingi kwa saa 24 kuliko ikweta. Hesabu hiyo ni sahihi hadi leo. Kilichokosekana ni kwamba jua la ncha huja kwa mshazari likipita hewa nene, na barafu nyeupe huurudisha mwanga angani.

Ya pili ni chumvi. Iliaminika kwamba maji ya bahari hayagandi, na kwamba barafu yote hutoka mitoni na pwani. Kwa hiyo ukienda mbali na nchi, barafu itakwisha. Ushahidi ulionekana kuwa mkononi: mabaharia wa Cook walipandisha mapande ya barafu melini, wakayayeyusha, wakapata maji matamu ya kunywa. Maelezo ni kwamba bahari inapoganda huitoa chumvi yake kidogo kidogo, na milima ya barafu huzaliwa na theluji ya nchi kavu. Edward Nairne wa London aligandisha maji ya bahari mwaka 1776, na leo tunajua hugandia karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri.

Ya tatu ni nyangumi. Matthew Fontaine Maury wa jeshi la majini la Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1855, alieleza habari za nyangumi waliochomwa chusa katika bahari moja na kupatikana katika nyingine. Nyangumi hupumua hewa, kwa hiyo lazima kuna maji wazi njia nzima. Aliongeza kwamba mikondo ya maji ya vuguvugu huzama chini ya barafu na kuibuka upya kwenye ncha.

Mashahidi wakaonekana. Mwaka 1854 William Morton, mtu wa safari ya Elisha Kent Kane, alifika kwenye rasi moja ya kaskazini ya Greenland akiwa na Hans Hendrik, mwenyeji wa Greenland, akaona maji yasiyo na barafu hadi jicho linapoishia. Isaac Hayes akarudi na ushuhuda kama huo mwaka 1861, na kitabu chake kikaitwa The Open Polar Sea. Maji waliyaona kweli. Barafu ya bahari hupasuka na kuacha mabwawa makubwa, kisha hufunga tena. Walichokosea ni kuliita dimbwi bahari.

Wakati huohuo yalikuwapo makisio yasiyo na hoja kiasi hicho. Mwaka 1818 John Cleves Symmes wa Marekani alisambaza waraka akitangaza kwamba dunia ni tupu ndani na imetobolewa kwenye ncha zote mbili. Alipata wafuasi, na kelele za mmoja wao, Jeremiah Reynolds, zilisaidia kuisukuma serikali ya Marekani kutuma safari kubwa ya utafiti ya 1838 hadi 1842, ambayo ilifuata pwani ndefu ya Antaktika. Kisio bovu nalo laweza kumtoa mtu nyumbani akaenda kuona.

Mtu mmoja, bahari mbili

Kuna mtu anayeunganisha barafu ya kaskazini na maziwa yetu. August Petermann, mchora ramani wa Gotha nchini Ujerumani, alikuwa mtetezi mkuu wa bahari ya wazi. Mwaka 1856 jarida lake lilichapisha ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno, Bahari ya Uniamesi, katikati ya Afrika Mashariki. Erhardt, akiwa Tanga, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara. Mmoja alisema njia yake inaishia kwenye maji makuu. Mwingine wa njia nyingine akasema vivyo hivyo. Wa tatu vilevile. Wote walisema kweli, maana yalikuwapo maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile la Ukerewe. Mchoraji ndiye aliyeyaunganisha kuwa moja.

Miaka michache kabla, tarehe 11 Mei 1848, Rebmann huyohuyo aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake, Bwana Kheri, aliuita kwa neno moja: baridi. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na ubishi ukaendelea miaka. Neno la Kiswahili lilikuwa limekwisha kumaliza kesi, lakini mahakama ilikuwa imekaa mbali mno kulisikia.

Sasa mrejee Petermann. Alishawishi safari ya Wajerumani ya 1869, na meli ya Hansa ikavunjwa na barafu. Safari ya Waingereza ya George Nares ilirudi mwaka 1876 na habari ya barafu nzito ya miaka mingi na hakuna bahari ya wazi. Petermann hakutikisika. Kila safari iliposhindwa, njia ndiyo iliyokuwa mbaya, na bahari ilikuwapo. Kisio lake lilikuwa limefungwa milango yote.

Aliyemsikiliza alikuwa James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald, tajiri yuleyule aliyemtuma Stanley kumtafuta Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871. Bennett alitaka habari nyingine kubwa kama ile. Julai 1879 meli ya Jeannette, chini ya George De Long, iliondoka San Francisco na watu 33, ikipita Mlango wa Bering kuutafuta mkondo wa vuguvugu. Petermann alikuwa amekwisha kujiua mwaka uliotangulia. Septemba hiyohiyo barafu iliikamata Jeannette. Iliburutwa karibu miaka miwili, na mwezi Juni 1881 ikapondwa na kuzama. Watu 20 walikufa, mmoja wao De Long, aliyekufa kwa njaa na baridi kwenye delta ya mto Lena.

Sidhani De Long alikuwa mjinga. Alikwenda na ramani bora za wakati wake. Lakini usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wazee wa pwani, na yeye aliisafiria nyota ya mtu aliyekuwa Gotha.

Waliokuwapo

Wainuit waliishi kwenye barafu hiyo vizazi na vizazi. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliingia kaskazini mwa Kanada na meli mbili na watu 129, hakurudi hata mmoja. Mwaka 1854 John Rae alileta simulizi za Wainuit: wazungu walikufa kwa njaa, na mwisho walilana. Charles Dickens aliandika kurasa nyingi kuwapinga, akiona neno la Wainuit halifai kuaminiwa juu ya watu kama wale. Mabaki ya mifupa yamethibitisha simulizi hiyo. Meli ya Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo simulizi za Wainuit zilielekeza, na Terror mwaka 2016 kufuatia maelezo ya Mwinuit aliyewahi kuona mlingoti ukitokeza kwenye barafu.

Jambo hilo lilijirudia. Robert Peary alidai kuona mwaka 1906 nchi upande wa kaskazini-magharibi, akaipa jina Crocker Land kwa heshima ya tajiri aliyechangia safari yake. Mwaka 1914 Donald MacMillan alikwenda kuitafuta, na siku moja akaiona: vilima, mabonde, vilele vya theluji. Mwinuit aliyemwongoza, Piugaattoq, alimwambia ule ni ukungu tu. MacMillan aliendelea siku kadhaa juu ya bahari iliyoganda mpaka akakubali kwamba ni mazigazi. Katika safari hiyohiyo mwenzake MacMillan, Fitzhugh Green, alimpiga Piugaattoq risasi akamuua. Aliyejua kutofautisha nchi na ukungu ndiye hakurudi.

Bildi ya Nansen

Mwaka 1884 wenyeji wa kusini-magharibi mwa Greenland waliokota vitu juu ya kipande cha barafu: orodha ya chakula yenye saini ya De Long, na suruali ya kuzuia mvua yenye jina la Louis Noros, baharia wa Jeannette aliyenusurika. Vilikuwa vimetoka kaskazini mwa Siberia hadi upande wa pili wa dunia. Suruali hiyo ilifanya kazi ambayo ramani za miaka 300 hazikuifanya. Fridtjof Nansen wa Norwei alitafakari, akakisia kwamba mkondo wa barafu huivuka bahari yote ya ncha. Kisha akaunda meli, Fram, yenye ubavu wa mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuiponda, akaiingiza makusudi kwenye barafu mwaka 1893. Kama kisio ni kweli, mkondo utamtoa upande wa pili. Kama si kweli, ataona. Miaka mitatu baadaye Fram ilitoka karibu na Svalbard, na watu wote 13 walirudi hai.

Lakini lililonigusa zaidi ni jambo dogo la ndani ya safari hiyo. Nansen alikuwa na kisio la pili, kwamba bahari ya ncha ni ya kina kifupi, na kwa hiyo hakuchukua kamba ndefu za kupimia. Bildi ilishuka, ikashuka, kamba ikaisha bila kugusa chini. Badala ya kuandika kwamba kipimo kina hitilafu, waliifumua kamba ya chuma ya meli, wakasokota nyuzi zake kuwa kamba mpya ya maelfu ya mita, kazi ya mikono kwenye baridi kali, wakashusha tena. Chini kulikuwa zaidi ya mita 3,000. Nansen alikuwa amekosea, na alilipa kamba ya meli yake ili ajue amekosea kiasi gani.

Mabaki ya kisio la nchi kavu yalidumu kidogo. Mwaka 1904 Rollin Harris alikokotoa kwa mwendo wa maji kujaa na kupwa kwamba lazima kuna nchi kubwa kaskazini mwa Alaska. Mei 1926 chombo cha anga Norge, kikiwa na Roald Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile, kiliruka kutoka Svalbard juu ya ncha hadi Alaska. Waliona bahari iliyoganda.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii hutumika kumzuia mtu asijitie kwenye asichokijua, lakini mimi naisoma pia kama maagizo ya kazi. Haikukataza kukisia. Bila kisio Cook asingetweka tanga, na Nansen asingeunda Fram. Inamtaka mwenye kisio awe na kamba ya kutosha, amsikilize aliyekwisha kuteka maji hayo, na bildi isipogusa chini, afumue nyingine na kushusha tena.